Maada inazungukaje inapoanguka kwenye shimo jeusi? Uzi wa hesabu

#1 Kijiti

Wakuu, salaam. Kila mchoro wa shimo jeusi una sahani ya moto inayozunguka. Swali langu: kama uvutano wa shimo ni mkali kiasi hicho, mbona gesi haidondoki moja kwa moja kama embe kutoka mtini? Nani anaizungusha? Inakwenda kasi gani, na inaachia kuzunguka wapi? Wenye namba waje na namba. Ile ya "linafyonza kila kitu" tumeshaisikia ya kutosha.

#2 MzeeObiti

Hakuna anayeizungusha, mkuu. Inafika ikiwa inazunguka tayari, na mzunguko huo ndio unaoizuia kuanguka. Ligeuze swali: gesi inaupunguzaje mzunguko wake mpaka iweze kuingia?

Embe halikosi kwa sababu shabaha yake ni dunia nzima. Shimo lenye uzito wa Jua mara 10 lina upeo wa tukio (mpaka ambao ukiuvuka hata nuru hairudi) ulio km 30 tu kutoka kitovuni. Kanuni ya haraka ni km 3 kwa kila uzito wa Jua mmoja. Sasa simama km milioni 1 kutoka hapo, ulenge duara la kipenyo cha km 60. Uvutano unaipinda njia na kuisaidia gesi, lakini hata hivyo, ili iingie moja kwa moja, mwendo wake wa pembeni usizidi km 18 kwa sekunde. Gesi iliyo kwenye obiti ya duara umbali huo huo inakwenda km 1,150 kwa sekunde. Na gesi inayomwagika kutoka kwenye nyota jirani inabeba mwendo wa nyota yenyewe, kwa hiyo inakosa shabaha, inalizunguka shimo, inagongana na mkia wake, inakuwa pete. Pete ikitanuka ndani na nje, hiyo ndiyo sahani.

Hesabu ya mzigo wenyewe, yaani momenta ya mzunguko kwa kila kilo (umbali mara kasi ya pembeni):

Km milioni 1 kutoka kitovuni: 1.15 × 10^15 m²/s. Duru moja dakika 91.

Km 89 kutoka kitovuni, obiti ya duara ya mwisho iliyo imara: 1.53 × 10^13 m²/s. Duru moja milisekunde 4.5.

Gawanya, unapata 75. Kila kilo ya gesi lazima iache sehemu 74 kati ya 75 za momenta yake njiani. Na momenta haipotei, sharti mwingine aipokee.

#3 BintiNyota

Naongezea kwa wale wa "linafyonza". Nyota S2 inalizunguka Sagittarius A*, shimo lililo katikati ya galaksi yetu, kila baada ya miaka 16. Mei 2018 ilipita umbali wa mara 120 ya ule wa Dunia na Jua, mbio za zaidi ya km 7,600 kwa sekunde, ikapinda, ikarudi zake. Shimo lile lina uzito wa Jua milioni 4.3 na halikuifanya kitu. Leo Jua likigeuka shimo jeusi la uzito uleule, Dunia itaendelea na mwaka wake wa siku 365, ila kwenye baridi.

Mfano wa maji ya sinki unasaidia kidogo: maji yanazunguka kwa sababu ya mwendo mdogo yaliyokuwa nao tangu mwanzo, yakikaribia tundu unakuzwa. Lakini msiupeleke kwenye yale maonyesho ya karai pale mstari wa ikweta Nanyuki, ambako mtalii anaambiwa hatua chache kaskazini maji yanageuza mwelekeo. Kwenye karai ni mkono wa mmiminaji unaoamua, dunia haina la kusema kwa hatua chache. Kwenye shimo jeusi ni vivyo hivyo kwa umbali mkubwa: gesi inazunguka upande iliokuja nao. Shimo linaanza kutoa amri karibu sana na mlango.

#4 Kijiti

Nimeelewa kwamba ni suala la kutua mzigo. Sasa anautua kwa nani? Msuguano?

#5 Nahodha_254

Msuguano ndilo jibu la kwanza la kila mtu, na ndipo mambo yalipokwama miaka mingi. Sahani haizunguki kama gurudumu. Ya ndani inakwenda mbio kuliko ya nje, kwa hiyo tabaka zinapitana. Mnato wa kawaida wa gesi, chembe kwa chembe, upo, ila ni mdogo mno: ukiutegemea huo, gesi haitafika ndani hata kwa umri wote wa ulimwengu.

Mwaka 1973 Shakura na Sunyaev wakalipita tatizo kwa ujanja wa heshima. Walisema: tuchukulie sahani ina misukosuko, nguvu yake tuipe herufi moja, alfa, tuendelee na hesabu. Alfa ni namba isiyozidi 1, na kwenye sahani moto inayolishwa vizuri vipimo huangukia karibu na 0.1. Hawakusema misukosuko inatoka wapi.

Jibu lilikaa kwenye makabati. Velikhov aliliandika 1959, Chandrasekhar 1960, wote kwa habari ya kimiminika kinachopitisha umeme kati ya mitungi inayozunguka, na hakuna aliyelipeleka kwenye sahani hadi Balbus na Hawley mwaka 1991. Ni uga wa sumaku. Gesi ya sahani ni plazma (gesi ya moto yenye chembe za umeme), na nyuzi za sumaku zimenata humo.

Fikiria mafungu mawili ya gesi yaliyokuwa jirani, moja likatangulia ndani kidogo, na kati yao kuna uzi wa sumaku unaovutika kama mpira wa manati. La ndani lina mbio zaidi, linatangulia. Mpira unanyooka. Unamvuta wa ndani kwa nyuma, unamvuta wa nje kwa mbele. Wa ndani akipunguzwa momenta hawezi kubaki pale, anashuka. Na akishuka anazidi mbio. Wa nje akiongezwa momenta anapanda. Na akipanda anapunguza mwendo. Sasa wameachana zaidi, mpira unavuta zaidi. Jambo linajilisha lenyewe, na ndani ya duru chache limekuwa vurugu.

Angalieni sehemu inayochanganya watu: breki imemfanya wa ndani akimbie ZAIDI. Ukipunguza momenta kwenye obiti, kitu kinashuka, na chini kasi ni kubwa. Kupoteza momenta na kupoteza kasi ni vitu viwili.

Sharti ni mawili tu: kuwe na uga wa sumaku, hata dhaifu, na mzunguko upungue kadiri unavyokwenda nje. Uga ukiwa mkali mno, mpira unakuwa mgumu kama chuma, mafungu hayaachani na vurugu inazimika.

Muda: alfa 0.1, unene wa sahani asilimia 2 ya umbali. Gesi iliyo km milioni 1 kutoka shimo letu la mara 10 inachukua siku kama 250 kushuka. Ni duru 4,000 hivi kwa kipimo cha pale inapoanzia. Kwa hiyo mshale wa kuingia ndani ni mdogo sana ukilinganisha na wa kuzunguka. Ukiichora njia yake kwa usahihi, jicho litaona duara tu.

#6 Mpakato

Lakini mashimo yenyewe yanazunguka. Kwa nini msiseme shimo ndilo linaloikokota gesi?

#7 MzeeObiti

Kwa sababu ukokotaji wake unashuka upesi mno na umbali. Ukienda mbali mara mbili, unapungua mara nane. Kwenye km milioni 1 ni kama haupo.

Karibu, hapo una hoja. Lense na Thirring walikokotoa ukokotaji huu 1918, na Kerr akatoa hesabu kamili ya shimo linalozunguka 1963. Mambo matatu yanabadilika.

La kwanza ni obiti ya mwisho iliyo imara. Shimo lisilozunguka la mara 10: km 89. Likiwa linazunguka karibu na kikomo na gesi inakwenda upande uleule, obiti hiyo inasogea hadi km 15. Gesi ikienda kinyume, inasukumwa nje hadi km 133. Nishati nayo inafuata: gesi inayoshuka hadi km 89 inatoa asilimia 5.7 ya masi yake kama mionzi, ya km 15 hadi asilimia 42 kinadharia, ya kinyume haifiki hata 4. Muunganiko wa hidrojeni ndani ya Jua unatoa 0.7. Ndiyo maana kitu cheusi kinaweza kuwa na ujirani unaong'aa kuliko galaksi nzima.

La pili ni sahani iliyoinama. Ikija na mshazari kuhusu ikweta ya shimo, sehemu ya ndani inayumba kama pia inayotaka kuanguka, na mnato unaweza kuilaza kwenye ikweta huku ya nje ikibaki na mshazari wake. Bardeen na Petterson walilionyesha hilo 1975. Unapata sahani iliyopinda, si bapa.

La tatu: nje kidogo ya upeo kuna eneo ambalo hakuna kitu kinachoweza kusimama wala kwenda kinyume. Gesi iliyoshuka ikizunguka kinyume itageuzwa hapo. Hata nuru.

#8 Kijiti

Na kasi? Mmetoa duru, hamjasema km kwa sekunde kule ndani.

#9 MzeeObiti

Kwenye obiti ya mwisho ya shimo lisilozunguka, mtu aliyesimama pale angeipima gesi ikipita kwa nusu ya kasi ya nuru, karibu km 150,000 kwa sekunde. Hii haitegemei ukubwa wa shimo. Kinachobadilika ni urefu wa duru. Chukua 2,200 ugawe kwa uzito wa shimo kwa vipimo vya Jua, unapata duru kwa sekunde. La mara 10: duru 220 kwa sekunde. Sagittarius A*: duru moja kila dakika 33. M87*, shimo la katikati ya galaksi M87, la mara bilioni 6.5: duru moja siku 34.

Chini ya obiti hiyo hakuna tena kuzunguka kwa utulivu. Hadi hapo gesi ilihitaji kunyang'anywa momenta ili ishuke; kuanzia hapo inashuka hata usipoinyang'anya. Wengi wanadhani inaporomoka wima. Hapana. Inabaki na momenta yake na inaendelea kujipinda: kutoka mara 5.5 hadi mara 2 ya kipimo GM/c², ambacho ni nusu ya umbali wa upeo kutoka kitovuni (yaani hadi kwenye upeo) inapiga karibu duru moja na nusu. Njia yenyewe ina fomula safi, walioiandika ni Mummery na Balbus, 2022. Miaka miwili baadaye kundi lililokuwa na Mummery huyohuyo likaonyesha mwanga wa eksirei wa shimo jeusi MAXI J1820+070 hauelezeki vizuri bila kuhesabu gesi iliyo kwenye mporomoko huo.

#10 Chekecheo

Ushahidi kwa macho, kwa kifupi.

Wa kwanza una jina la kwetu. Satelaiti Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Malindi, siku Kenya inaadhimisha uhuru, ndiyo asili ya jina. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa eksirei. Giacconi aliyeiongoza alipata Nobel 2002. Kwa nini Malindi? Karibu na ikweta unapata bure mwendo wa dunia kwenda mashariki, na obiti ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya chembe zinazovuruga vipimo. Uhuru iliona Cygnus X-1, chanzo cha eksirei, ikimetameta ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu kinachobadilika ndani ya sekunde 0.1 hakiwezi kuwa kipana kuliko nuru inavyokwenda kwa muda huo, km 30,000. Nyota jirani yake ikapatikana inazunguka kitu kisichoonekana kila siku 5.6, vipimo vya 2021 vinakipa kitu hicho uzito wa Jua mara 21.

Wa pili, picha ya M87* iliyotolewa 10 Aprili 2019. Pete imeng'aa zaidi upande wa kusini. Upande ambao gesi inakuja kwetu kwa kasi karibu na ya nuru, mwanga wake unaongezwa na kubanwa kuelekea mbele; wa upande ambao gesi inatukimbia unapungua. Pete isiyo sawa ni mzunguko ulioandikwa kwenye picha.

Wa tatu ndio nionavyo mzuri kuliko wote. Mwaka 2018 darubini nne za mita 8 pale Paranal, Chile, zikiunganishwa kwa chombo kiitwacho GRAVITY, zilifuatilia milipuko ya mwanga kando ya Sagittarius A*. Doa la mwanga lilihama kwa mduara, takriban asilimia 30 ya kasi ya nuru, duru kama dakika 45. Linganisha na dakika 33 za MzeeObiti: ni nje kidogo tu ya obiti ya mwisho.

Tahadhari: Sagittarius A* haina sahani nyembamba ya siku 250. Inalishwa kidogo, gesi yake haipoi, imevimba kama andazi. Unene unakaribia umbali, na muda wa kushuka unapungua kwa mraba wa unene huo, kwa hiyo inashuka ndani ya duru chache badala ya maelfu.

#11 Kijiti

Nataka kuliona kwenye kompyuta. Python ninayo. Nianzie wapi bila kusoma hesabu za Einstein mwaka mzima?

#12 Nahodha_254

Usitumie uvutano wa Newton mtupu. Kwa Newton kila obiti ni imara, chembe yako haitaporomoka kamwe. Tumia mbadala wa Paczyński na Wiita wa 1980: badala ya 1/r weka 1/(r − rs), ambapo r ni umbali kutoka kitovuni na rs ni umbali wa upeo. Badiliko hilo dogo linakupa obiti ya mwisho mahali penyewe hasa, 3rs.

Weka G (kipimo cha uvutano), M (masi ya shimo) na c (kasi ya nuru) zote 1, hivyo rs = 2. Anza r = 10. Kasi ya pembeni kwa duara ni √r/(r − 2), hapo 0.395. Mchapuko ni 1/(r − 2)² kuelekea kitovuni. Zidisha kwa −x/r na −y/r. Hatua ya muda 0.05. Simamisha programu r ikifika 2.1, la sivyo utagawa kwa sifuri na namba zitalipuka.

Kwanza bila breki. Unapaswa kuona duara, duru moja kwa muda wa 159. Kisha punguza kasi ya mwanzo kwa asilimia 5, halafu 10. Mwisho rudisha duara, ongeza breki: kila hatua kasi ipunguzwe kwa k × kasi × hatua, k = 0.0001. Itachukua muda wa 730 hivi kufika r = 6, kisha kilichobaki ni cha haraka. Kwa shimo la mara 10, kipimo kimoja cha muda ni mikrosekunde 49.

#13 Kijiti

Bila breki kabisa, chembe inatoka nje polepole badala ya kubaki kwenye duara. Nimezidisha kasi kwa hatua na kuijumlisha kwenye nafasi, kisha mchapuko wa nafasi ya zamani kwenye kasi.

#14 Nahodha_254

Hiyo ni njia ya Euler, na kosa ni lake. Kila hatua inakwenda kwenye mstari ulionyooka unaogusa duara, kwa hiyo inaishia nje kidogo ya duara, kila mara upande uleule. Makosa hayafutani, yanarundikana, chembe inapata nishati isiyotoka popote. Kupunguza hatua kunachelewesha tu. Tumia Verlet: nusu ya mchapuko kwenye kasi, hatua nzima ya nafasi, kokotoa mchapuko upya hapo ulipofika, nusu nyingine kwenye kasi. Chapisha x·vy − y·vx kila hatua 1,000. Bila breki isibadilike. Ikibadilika, usiangalie mchoro, tafuta kosa.

#15 Kijiti

Verlet imekubali, momenta imesimama kwenye 3.953. Asilimia 10 inaporomoka. Asilimia 5 haianguki! Inaruka kati ya 10 na 6.1 na kuchora kitu kama ua. Ni kosa lingine?

#16 MzeeObiti

Si kosa. Kizingiti cha kuporomoka bila msaada ni momenta ya 3.674. Ukipunguza asilimia 5 unabaki na 3.755, bado uko juu yake, na nishati yako haifiki kilele kinachokuzuia, kwa hiyo unarudishwa. Asilimia 10 ni 3.558, hakuna kilele cha kukuzuia. Kati ya hizo mbili utapata thamani ambayo chembe inapiga duru nyingi karibu na r = 5 kabla ya kuamua. Itafute, inafurahisha.

Ua ni obiti inayozungusha mhimili wake, ndugu wa zile sekunde za tao 43 kwa karne za Utaridi. Ila usiipime pembe ya petali ukaiita ya Einstein: mbali na shimo mbadala huu unatoa theluthi mbili tu ya mzunguko halisi wa mhimili, kwa Utaridi ungepata 29. Na kuanzia r = 4 hivi kushuka chini, kasi kwenye programu yako itapita 1, yaani kasi ya nuru. Hapo mchoro ni mapambo. Kwa sehemu hiyo chukua fomula ya #9.